Sauti ya Kabange Haitapanda Treni

Mwadi mwanangu,

Mambo ya safari sitaandika. Sanduku umelifunga mwenyewe, bukari unajua kupika, na baridi ya Lubumbashi wenyeji watakueleza. Treni ikikubali kuja kesho, utapanda. Ikikataa, utarudi hapa na sanduku lako kichwani, tutacheka, na utalala tena kwenye kitanda chako. Kwa hiyo naomba usifungue bahasha hii mpaka uone Kamina imeisha dirishani.

Naandika kwa karatasi. Telefone iko hapa mezani, karibu na mkono wangu, ingeweza kubeba haya yote kwa kufumba na kufumbua, lakini weye unajua kwa nini maneno mazito siyapatii telefone. Kuandika nilifundishwa na masista wakati wa katekisimu, tena si sana. Pale Kiswahili cha kitabu kitanikimbia, nitaweka kile cha kinywa changu. Weye utakisikia tu.

Nataka tuzungumze juu ya sauti ya mama yako mudogo Kabange.

Jumapili, tulipotoka misa, ulikaa jikoni na mashine yako juu ya magoti, ukanieleza kazi wanayokuitia kule. Ulisema wanatengeneza programu ya telefone za vituo vya afya, ili maneno ya muuguzi wa kijijini yatoke hata pale ambapo rezo, huo mtandao wa telefone, ni mgonjwa. Ulisema kila mmoja wenu ameombwa kuleta sauti moja ya kujaribia, sauti ya kweli ya mtu wa kwao, ndefu, yenye kelele za nyumbani ndani yake. Mutaikata, mutaipunguza, mutaipitisha kwenye rezo mbaya mara nyingi, muone inafika au inapotea. Kisha ukasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama, nipatie ile ya mama mudogo."

Nikasema hapana. Nikaendelea kusonga bukari. Ukasema ingesaidia watu. Nikasema hapana mara nyingine. Ndipo ukasema lile neno:

"Iko inalala tu mu telefone ya kufa, mama. Unaichunga ya nini?"

Niliacha mwiko ndani ya chungu nikatoka nje. Bukari iliungua, na tangu siku ile tunaongea juu ya ndoo za maji na sabuni tu. Baba yako anatuangalia kama mtu aliyekaa katikati ya mbwa wawili wasiobweka. Jana aliniuliza kama tumegombana. Nilimwambia hapana, tunapumzika.

Sitaki uende na ile hapana bila mwili wake, yaani bila sababu zake. Kwa hiyo nakupa mwili wake, halafu utajua.

Kijiji cha mume wa Kabange unakijua vizuri kuliko mimi. Weye ulikulia miaka yako ya kwanza kule, ng'ambo ya Kaniama, wakati minyi nilikuwa nauza mikate hapa kwenye stesheni na sikuwa na mtu wa kukubeba. Ulipoanza masomo Kamina, kila likizo ulirudi kwake, na kila mara ulirudi hapa umenenepa na unaongea Kiluba cha kizee. Unajua kwamba kule telefone ilikuwa tochi na redio tu. Rezo ilikuwa juu ya kile kichuguu kikubwa kando ya barabara, mbali, mwendo wa kinga, wa kukanyaga baiskeli mpaka utoe jasho. Na mtu wa kinga alikuwa Ilunga.

Ilunga alikuwa anapeleka mahindi Kaniama siku za soko. Watu wanampa telefone zao, anazifunga ndani ya kitambaa, anaziweka ndani ya kopo la maziwa, kopo analifunga kwenye usukani. Akifika kwenye kichuguu anapanda, anazipanga kule juu kama mtu anayeanika mihogo, halafu anangoja. Maneno yaliyosemwa jana kijijini yanatoka, na yale ya Kamina na ya Lubumbashi yanaingia. Anashuka, anaenda soko, jioni anarudi. Watoto walikuwa wanamkimbilia wakiimba "Antene amerudi, Antene amerudi," na yeye anapiga kengele ya kinga yake kama askofu anayeingia parokia. Weye ulikuwa mmoja wao.

Likizo moja, ulikuwa umemaliza darasa la sita, ulimfundisha Kabange kutuma sauti. Nilikuwa sijui kitu kama hicho kinawezekana. Uliniambia baadaye namna ulivyomkalisha kwenye mkeka, ukamshika kidole gumba, ukamwonyesha pale pa kukandamiza na pale pa kuachia. Alikuwa anaogopa kwamba telefone itameza maneno yake. Ukamwambia, "Mama mudogo, ikilia ting, njo imefika." Alicheka. Alikuwa anaipenda sana hiyo ting. Kwa miezi mingi baada yake nilipata salamu zake ndefu, na ndani yake jogoo, mchi na kinu, na mume wake akiuliza kama amemaliza.

Halafu tulikosana juu ya shamba la marehemu mama yetu. Nilipanda karanga mule bila kumwuliza. Yeye alitaka lipumzike mwaka ule. Ni jambo dogo, unaona nimelimaliza kwa mistari michache, lakini dada wawili wanaweza kuligeuza jambo dogo likawa nyumba na kulala ndani yake. Salamu zake zilikoma. Nami sikutuma zangu. Nilisema moyoni: yeye ndiye mudogo, aanze yeye.

Na alianza, Mwadi. Alianza.

Alikuwa amepatwa na tumbo. Muuguzi wa kule alimwambia asikae, apelekwe hospitali Kamina. Kabange akachukua telefone yake akasema na minyi. Lakini unamjua. Mtoto wa heshima. Hakuweza kuanza na tumbo lake kama mtu asiyelelewa, na tena tulikuwa tumekosana, kwa hiyo heshima iliongezwa. Alinisalimu minyi, akamsalimu baba yako, akamsalimu jirani wa mbele na yule wa nyuma. Aliuliza kama bati la jikoni bado linavuja. Aliuliza mbuzi kama amezaa. Akasema mambo ya shamba tuyaache, karanga ni karanga, zikikomaa nimwekee kidogo. Ni kiisha yote haya, kule mwisho kabisa, njo alisema, akiniita dada mkubwa kwa namna yetu: "Yaya, niko mugonjwa. Tuma pikipiki, na mutu unamujua. Usikawie." Halafu akaongeza juu yako, kwa sababu hakuweza kumalizia na ugonjwa. "Mwadi wangu, mumuambie niko namuwaza."

Akaachia kidole. Telefone ikaingia kopo la Ilunga.

Siku ile rezo ilikuwa mbaya kwenye kichuguu, mawingu yalikuwa yameshuka. Yale maandishi madogomadogo ya watu wengine yalipita. Sauti ya Kabange ilikuwa nene, imejaa salamu, ikabaki inazunguka. Telefone zilikuwa nyingi pale juu, na mojawapo ililia ting. Ilunga hakujua ni ya nani. Mvua ilianza kudondoka, telefone za watu haziwezi kulowa, akazikusanya koponi akashuka. Jioni Kabange alimwuliza. Akamjibu, "Imelia, mama. Nimeisikia na masikio yangu."

Basi ikawa imefika. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyojua.

Majirani walitaka kumweka kwenye kinga ya Ilunga, wamsukume pole pole mpaka Kaniama. Alikataa. Mama mkwe wake ndiye aliyenisimulia, tumekaa kwenye majani siku ya matanga. Kabange alisema: "Apana. Yaya yangu iko natuma pikipiki. Nikiondoka tutapishana mu njia." Kila mlio wa pikipiki uliopita barabarani alikuwa anainua kichwa. Wa muuza mafuta, wa katekista, wa watu wasiojulikana. Walipomwambia kwamba pengine yaya hajasikia, alikasirika. Alisema, "Amesikia. Ililia."

Na huku Kamina minyi nilikuwa na ukimya wake mkononi, nikifikiri ni hasira. Nilikuwa namsikia ananikasirikia kila siku, kwa namna telefone yangu ilivyokuwa haisemi kitu. Naye kule alikuwa na ukimya wangu. Sijui aliufikiria nini. Mama mkwe wake hakuniambia, nami sikumwuliza, na huyo mama naye sasa amekufa.

Habari ya msiba ililetwa na mtu, si na rezo. Hiyo unakumbuka, weye ndiye uliyemfungulia mlango.

Kuhusu kurudi kwetu toka mazishi, sijawahi kuongea na weye, ingawa tulikuwa wawili bega kwa bega juu ya magunia ya lile lori. Vitu vyake walivyonipa vilikuwa ndani ya mfuko juu ya magoti yangu: kitenge, rozari, sahani yake ya bati, telefone yake bado ikiwa na chaji kidogo. Tulipokaribia Kaniama lori likapanda kilima, na telefone yangu ikalia ting kifuani. Weye ulinyoosha mkono ukaitoa kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika mfuko. Ukaangalia. Ukasema kwa sauti ndogo sana:

"Mama, ni mama mudogo. Anatuma."

Watu wa lori waligeuka. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Minyi kwa kitambo nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mpumbavu, nikafikiri tumezika mtu mwingine. Halafu nikaelewa. Maneno yalikuwa yanatoka ndani ya mfuko juu ya magoti yangu, yanapanda huko yanakopanda, yanarudi kuingia kifuani mwangu. Hatua ya mkono mmoja. Na njia yote ile ya kutoka kijijini ilikuwa imeyashinda.

Tuliisikiliza mule mule, juu ya magunia, mpaka salamu yako ya mwisho. Uliziba masikio ilipofika kwenye jina lako.

Tangu pale, Mwadi, pikipiki ikisimama nje ya nyumba hii, ninakuwa wa kwanza kusimama. Unaniona. Ulidhani ninangoja mgeni. Kwa miaka mingi siku za mawingu nimekuwa nikimwona amekaa kule kwenye mkeka, kichwa kimeinuka, anasikiliza barabara. Hajui kama amekufa. Anajua tu kwamba ililia. Padri aliniambia nimwombee apumzike, nami naomba, lakini nikimaliza sala namwona tena, shingo imenyooka vile vile. Na karanga za shamba lile zilikomaa vizuri kuliko mwaka wowote. Sasa unajua kwa nini sombe ya nyumba hii, majani yetu ya muhogo, haina karanga, jambo ulilonilaumu nalo toka utoto, ukisema mapishi yangu ni ya wagonjwa.

Na weye? Nilikuona pia. Uliporudi shuleni uliacha kucheza na telefone za watu. Baadaye ukaanza kuzifungua. Uliuliza waalimu, uliuliza wale vijana wanaotengeneza telefone sokoni, wakakuchoka. Uliingia chuo. Kila mtu alisema binti wa muuza mikate anapenda mashine. Minyi nilijua hupendi mashine. Ulikuwa unaitafuta ile ting, uikamate koo.

Neno hili ulilibeba peke yako na sikukupunguzia, kwa sababu niliogopa kulitaja. Nalitaja sasa. Ulikuwa mtoto, na ulimfundisha kile ulichofundishwa. Aliyeweka ting mule ndani, aliyeamua kwamba ilie namna ile na watu waelewe wanavyoelewa, alikuwa mtu mzima mwenye mshahara mahali fulani, na hakuwahi kuona kichuguu. Kesho kutwa weye ndiye utakuwa yule mtu mzima. Hiyo peke yake njo naomba uikumbuke ukiwa kwenye ofisi yenye hewa baridi: kuna mtu atasikia kile ulichokiliza, na ataamua kukaa au kuondoka. Kama maneno yameondoka tu, mashine yako iseme yameondoka. Kama bado yanazunguka, iseme bado yanazunguka, hata kama inaona haya. Kabange angeambiwa "bado," angepanda kinga.

Mengine unayajua kuliko minyi. Lakini nimeona namna ulivyojifunza, na imenifurahisha kimya kimya, kwa hiyo acha nikuambie.

Nilikuona kwa Mama Béa. Unakumbuka tulipompelekea unga kule kambini kwa askari, mumewe amepelekwa mbali upande wa mashariki, na yeye ameketi mlangoni anasema na telefone kama mwalimu anayeita majina. "Ya kwanza: batoto bote bazima. Ya pili: mukubwa amepita darasa. Ya tatu: ile nguo uliniachia, panya imeikula, usiulize." Kila neno lina namba yake na kila moja ni fupi. Ukamwuliza kwa nini. Akakuangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akasema mume wake akikosa ya tatu anajibu tu, "Ya tatu haiko," naye anamrudishia ya tatu, si zote. "Na kama ni jambo ya panya," akasema, "namuambia ya tatu haikukuwako." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu usiku ule mashine yako haikuzimwa. Baadaye ulinionyesha: umeikata sauti vipande, kila kipande na namba yake, na kule inakofika kuna kitu kinachouliza ni namba gani imekosa. Nikakuambia, huyu si ni Mama Béa umemuingiza ndani ya mashine? Ukasema ndiyo, bila panya.

Na ile siku ulinitembeza toka sokoni mpaka kambini ukiwa na telefone mbili mkononi, nikidhani una wazimu kidogo. Ulisema pale rezo ikiwa nzima, programu yako inatuma sauti nene. Ikianza kuugua njiani, programu inaona yenyewe, inaipunguza sauti, inakuwa nyembamba, lakini haisimami. Niliielewa mara moja, nawe ulishangaa. Mwanangu, minyi nimeuza mikate madirishani mwa treni. Treni ikikaa, unaingia na beseni zima, watu wanachagua, wanabonyeza, wanakutania. Treni ikianza kusogea huwezi kusema ngoja nimalize. Unaangalia mwendo wake, unatoa mikate miwili, halafu mmoja, mkono kwa mkono, na ikikaza mwendo unaacha kutoa na unachunga iliyobaki kwa treni ijayo. Wale walioshindwa ni wale waliong'ang'ania kuingiza beseni zima dirishani. Mikate yao iliishia kwenye reli.

Sasa nafika pale ninapokukatalia, na si ile ya Jumapili tu. Kuna nyingine.

Wiki iliyopita ulisema mnafikiri kuwafundisha watu wa vijijini waanze na shida. Kwamba mashine iwaambie: sema jambo kubwa kwanza, salamu baadaye, ili rezo ikikatika jambo liwe limepita. Ulilisema ukiangalia pembeni, kwa sababu tulijua wote wawili unamsema nani. Tangu siku ile nimekuwa nawaza.

Hapana, Mwadi. Ni kweli salamu ndizo zilizoifanya nene. Ni kweli angeanza na tumbo, labda ningekuwa na mdogo wangu leo. Nimejiambia hivyo nikiwa macho na nikiwa usingizini. Lakini zile salamu ni zake. Zile za bati na mbuzi ndizo anazonirudishia shamba, ndizo anazosema hatujakosana tena. Mtu aliye mgonjwa, anayeogopa, unataka kumnyang'anya na adabu yake ili mashine isichoke? Mashine ndiyo ichoke. Umeniambia mwenyewe sauti inaweza kuwa nyembamba ikapita yote. Basi amsalimu jirani kwa sauti nyembamba, lakini amsalimu. Na kama kuna njia ya kutanguliza neno dogo mbele, jepesi kama yale maandishi madogo yaliyopita siku ile, linalosema tu "nyuma yangu kuna sauti ya Kabange inakuja, haijafika," tanguliza hilo. Ningeona hilo, ningejua dada yangu amefungua kinywa. Nisingengoja kusikia amesema nini. Ningempigia simu ikakataa, na ikikataa ningetafuta pikipiki.

Sasa ile ya Jumapili.

Uliniuliza ninaichunga ya nini. Siisikilizi, kama unafikiri hivyo. Tangu lori lile niliisikiliza mara moja, peke yangu, na sikufika mwisho. Naichunga kwa sababu imefika. Unanielewa? Ilitembea, ililala mvuani, ilizunguka juu ya kichuguu, ilikaribia kuingia kaburini na mwenyewe, lakini imefika. Iko ndani ya nyumba yangu, imekaa, imepumzika kuliko yeye. Na weye unataka kuichukua uirudishe njiani. Uikate, uiweke kwenye rezo mbaya kwa makusudi, uone itakufa wapi. Na isipofika, mtarekebisha kidogo halafu mtaituma tena, na itakatika tena kwenye "niko mugo—", na kijana mmoja mwenye kahawa mkononi atasema hii imeshindwa, lete tena. Najua ni kazi. Najua hamna ubaya. Lakini kila mara itakapobaki njiani, minyi hapa Kamina nitamwona amekaa kwenye mkeka na kichwa kimeinuka. Sitaweza, mwanangu. Amengoja vya kutosha.

Kwa hiyo sauti ya Kabange haitapanda treni. Itabaki ndani ya ile telefone yangu ya zamani, na siku nitakayokufa utaamua weye.

Lakini hutaenda mikono mitupu.

Mchana huu, ulipoenda stesheni kuuliza kama kuna mtu yeyote anayejua treni iko wapi, uliacha ile telefone yako ya majaribio kwenye umeme. Niliichukua. Nilikaa jikoni, mlango wazi. Nilikandamiza kidole gumba nikaachia mapema mara kadhaa, utakuta humo vipande vyenye neno "Mwa" tu, uvifute. Kisha nilifanikiwa. Nimesema ndefu. Nimefanya makusudi iwe nene. Nimekusalimu weye, nimewasalimu wenzako wa kazi ambao siwajui majina, nimemsalimu mama wa nyumba utakayolala. Nimesema bati la jikoni halivuji tena, baba yako alilipiga lami. Nimesema mbuzi. Jirani wa nyuma alikuwa anatwanga, atasikika. Mama Béa alipita kuleta chombo chetu, akaingiza mdomo wake akasema, "Ya kwanza: Mwadi asiolewe na mutu ya kule," hiyo usiikate. Kuna pikipiki ilisimama nje katikati ya maneno yangu, na utasikia nimenyamaza kidogo. Sikusimama. Nimekaa nikaendelea.

Kule mwisho, mahali pale pale alipoweka yeye, nimesema neno langu. Sitaliandika hapa. Programu yako ikiwa nzuri, utalisikia.

Chukua hiyo. Ikate unavyotaka. Ipunguze mpaka niwe kama mbu ndani ya kopo. Ipandishe vichuguu vyote, iloweshe mvua, ipoteze. Ikikatika, usilie na usijilaumu, niambie tu kipande gani hakikufika.

Niko hapa, Mwadi. Niko muzima. Nitakisema tena.

Mama yako